Ukiitaka mianga ya kaskazini, anzia Barabara ya Ngong

Makoti mazito kuliko yote jijini Nairobi hayavaliwi na matajiri. Utayaona kwa bawabu anayelinda lango la ghorofa za Kilimani usiku kucha, na kwa mwendeshaji bodaboda anayetoka Kawangware alfajiri ya Julai, ukungu ukiwa bado umetanda Barabara ya Ngong. Mengi yalishonwa kwa ajili ya watu wa Norway, Ujerumani au Canada, yakavaliwa huko misimu miwili mitatu, yakafungwa kwenye marobota na kushushwa Mombasa, mwishowe yakatundikwa Soko la Toi. Kwa muda mrefu safari hiyo imekuwa ya upande mmoja. Siku hizi wapo wakazi wa Nairobi wanaotaka kulirudisha koti kwao likiwa mwilini, ili wakaone mianga ya kaskazini: yale mapazia ya kijani na zambarau yanayochezacheza angani karibu na ncha ya dunia, ambayo kila mwenye simu ameshayaona kwenye skrini.

Ni ndoto halali, na si ya mabwanyenye peke yao. Tatizo ni kwamba wengi huipanga kinyumenyume. Huanza na picha, wakaenda kwenye tikiti, wakatafuta hoteli, kisha ndipo wanakumbuka viza. Anayeondokea Nairobi hana budi kuanza na mwezi wa kwenda na makaratasi ya kumfikisha. Mianga yenyewe huja mwisho kabisa, kwa kuwa hiyo haipangiki.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotafutwa. Jua halitoi joto na nuru tu. Hutupa pia chembe zenye umeme zinazosafiri hadi kwetu kwa siku moja, mbili au tatu. Sumaku ya dunia huzikinga nyingi na kuzielekeza nyingine kwenye maeneo yanayozunguka ncha mbili za dunia. Zikigonga oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi, anga huwaka kijani. Juu zaidi, kupita kilomita 200, oksijeni hiyo hiyo hutoa wekundu, na naitrojeni huongeza buluu na zambarau. Zaidi ya karne moja iliyopita, mwanafizikia wa Norway, Kristian Birkeland, alitengeneza dunia ndogo yenye sumaku, akaiweka ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, akaipiga kwa miale ya umeme na kuona pete za mwanga zikizunguka ncha zake. Wanorwe walimweka kwenye noti yao ya kroner 200. Si nchi nyingi zilizompa mwanafizikia heshima ambayo sisi tulikuwa tukiwapa marais.

Je, haiwezekani kuisubiri hapa hapa, juu ya vilima vya Ngong? Haiwezekani. Nairobi iko nyuzi moja na ushei tu kusini mwa ikweta, na ile ikweta nyingine, ya sumaku, inapita Ethiopia. Ni vigumu kupata mahali pabaya zaidi pa kuisubiri. Mei 2024, dhoruba kubwa ya jua ilipoipiga dunia, mianga ilionekana hadi Mexico, na wapiga picha wa Namibia waliinasa ile ya kusini kwenye kamera zao. Sisi tulilala tu.

Si kwamba hatuguswi. Baada ya jua kutua, hasa miezi ya Machi na Septemba, tabaka la juu la anga kwenye ukanda wa ikweta huchemka na kutoa mapovu makubwa yasiyoonekana kwa macho, yanayovuruga mawimbi ya setilaiti na kuifanya GPS ipoteze mwelekeo. Watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya wamekuwa wakiyafuatilia kwa vipokezi maalumu. Wenzetu wa kaskazini wanapata maonyesho. Sisi tunapata usumbufu pasipo maonyesho. Kwa hiyo safari ni lazima.

Sasa tuje kwenye mwezi, na hapa naomba nisikike vizuri: si Desemba. Najua kwa nini watu huichagua. Ndio mwezi wa likizo, ofisi za katikati ya jiji zinafungwa, watoto wako nyumbani, na mtu anajiambia kwamba majira ya baridi kali ndiyo yenye giza, na giza ndilo linalotakiwa. Lakini Desemba ndio mwezi ambao Ulaya nzima nayo inaelekea kaskazini kusherehekea Krismasi, hasa mji wa Rovaniemi huko Finland unaojitangaza kuwa nyumbani kwa Baba Krismasi. Vyumba huwa haba, nauli za ndege hupanda kama zinavyopanda za matatu za kwenda magharibi mwa Kenya wiki hiyo hiyo. Kisha kuna ukoo. Mtu asipoonekana ushago Krismasi, shangazi atauliza ni nani atakayechinja mbuzi, na jibu kwamba umeenda kutazama anga halitamridhisha.

Giza lenyewe huko kaskazini halifanani na letu. Huku jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na tofauti kati ya siku linapowahi na siku linapochelewa haifiki saa nzima. Tromsø, mji wa Norway unaopendwa zaidi na wafuata mianga, uko nyuzi 69 na ushei kaskazini, na kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kamwe. Saa sita mchana huwa na mwanga hafifu wa buluu, kisha usiku unarudi. Mtu aliyezaliwa Dagoretti, ambaye mwili wake umezoea jua la kila siku kwa ratiba ile ile, asidhani ataizoea hali hiyo kwa juma moja. Na hakuna sababu ya kujitesa, kwa kuwa mianga haihitaji saa ishirini na nne za giza. Inahitaji usiku wa kawaida usio na mawingu.

Usiku huo unapatikana Machi. Karibu na tarehe 20, mchana na usiku hulingana duniani kote, Tromsø kama Nairobi. Siku hizo pia sumaku ya dunia hukaa kwa namna inayoruhusu upepo wa jua kupenya kwa urahisi zaidi, ndiyo maana Machi, kama Septemba na Oktoba, huwa na dhoruba nyingi kuliko Desemba. Theluji bado ipo, mchana kuna jua la kutembelea, na maeneo ya ndani ya Finland na Sweden huwa makavu kuliko mwanzoni mwa msimu. Kwa mwenye watoto wa shule, Machi ni mgumu. Yeye afikirie Novemba mwanzoni, muhula wa tatu ukiwa umekwisha, akijua kwamba pwani ya Norway huwa na mawingu mengi wakati huo. Kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Julai usijisumbue, kwa sababu Tromsø huwa haina usiku kabisa.

Kuna pia tangazo linalozunguka kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho kwa miaka kumi. Lina chembe ya ukweli. Jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi, na Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba limefikia kipindi cha kilele. Shughuli itapungua polepole, lakini Tromsø, Abisko na Lapland ya Finland ziko moja kwa moja chini ya ile pete ya mianga inayoizunguka ncha. Huko huonekana hata miaka ambayo jua limetulia. Anayekuhimiza ulipe leo kabla jua halijazimika anauza tikiti.

Mahali? Tromsø ina uwanja wa ndege mzuri, na bahari huipasha joto kiasi kwamba wastani wa Januari ni kama nyuzi nne tu chini ya sifuri. Ubaya wa bahari hiyo ni mawingu. Abisko, kijiji cha Sweden kando ya ziwa Torneträsk, kina sifa ya anga safi kwa sababu milima ya upande wa magharibi huyazuia mawingu na kuyamaliza kabla hayajafika. Unafika kwa treni kutoka Stockholm, safari ya usiku kucha. Finland ya ndani ni baridi zaidi na kavu zaidi. Iceland ni nzuri lakini hali yake ya hewa hugeuka kila baada ya saa chache. Mimi ningechagua Abisko, na sitagombana na anayependelea Tromsø.

Sasa Westlands, kwenye foleni ya viza. Kwa msafiri wa Nairobi, milima ya kupanda iko hapa. Nchi hizi zote, pamoja na Norway na Iceland ambazo si wanachama wa Umoja wa Ulaya, zimo katika eneo la Schengen, na viza moja hukufikisha zote. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, ila unaweza kufika siku 45. Kwa hiyo anayetaka Machi anaweza kuanza kutafuta miadi tangu Septemba, na akifika Januari bila miadi ameanza kuchezea bahati. Pasipoti iwe imebaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Kama haijatimiza hayo, foleni yako ya kwanza si ya Westlands bali ya Jumba la Nyayo, baada ya kujaza fomu kwenye eCitizen.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, yaani kati ya shilingi 12,000 na 14,000 kutegemea kiwango cha siku hiyo, na kituo cha kupokea maombi huongeza malipo yake ya huduma. Ukinyimwa, ada hairudi. Kuna bima ya usafiri inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000, picha, barua ya kazi, uthibitisho wa malazi, mpango wa ndege wa kwenda na kurudi. Nimesema mpango, si tikiti iliyolipiwa. Weka nafasi tu, ulipe viza ikishabandikwa.

Kosa la kawaida ni kuomba kwa nchi isiyo yako. Ndege nyingi za Ulaya kutoka Nairobi hupitia Amsterdam, Paris au Frankfurt, na mtu hudhani kwamba pale anapotua ndipo pa kuombea. Sivyo. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Usiku ukilingana, ndipo ile unayoingilia kwanza inapohesabiwa. Anayelala Tromsø siku tano na Amsterdam moja anaiomba Norway. Na kwa kuwa baadhi ya nchi hushughulikiwa Nairobi na ubalozi wa nchi nyingine, soma tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa chochote.

Kisha taarifa ya benki, na hapa desturi zetu hugongana na macho ya afisa wa viza. Mkenya wa kawaida haweki akiba mahali pamoja. Kuna Sacco, kuna M-Pesa, kuna shamba la viazi kule Kinangop alilopanda na kaka yake, na kuna chama. Zamu yako ya chama inafika, laki mbili zinaingia kwenye akaunti kwa siku moja, na wewe unafurahi kwamba sasa taarifa inapendeza. Afisa anaona akaunti iliyokuwa na elfu nane kwa miezi mitatu, ghafla ina laki mbili wiki moja kabla ya maombi, na anashuku kwamba pesa hizo ni za kuazima, za kuonyesha tu. Dawa yake si kuzificha bali kuzieleza: barua ya chama yenye sahihi za viongozi, cheti cha usajili, orodha ya zamu. Taarifa ya Sacco pia iambatanishwe, hata kama hakuna aliyeiomba.

Mwenye hati za mshahara ana nafuu. Fundi, mwenye duka la vipuri pale Kirinyaga Road au mpishi wa harusi asiye na mwajiri atahitaji cheti cha usajili wa biashara, uthibitisho wa kodi kutoka KRA na barua fupi iliyoandikwa kwa lugha nyofu: nafanya hiki, nimeweka akiba hivi, narudi kwa sababu hii. Fomu ya kukataliwa ina visanduku vya sababu, na kimojawapo kinasema kuna shaka ya msingi kwamba hutaondoka. Ni jambo la kuudhi. Mtalii kutoka Oslo anayekuja kuwaona simba wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi hujaza fomu mtandaoni, akalipa ada ndogo na kuruhusiwa. Hakuna anayemshuku kwamba atabaki Rongai. Lakini kuudhika hakujazi fomu, na barua iliyoandikwa kwa hasira huonekana.

Turudi Toi, nyuma ya Adams Arcade, ambako pesa inaweza kuokolewa. Fika robota linapofunguliwa. Nguo za kwanza kuchaguliwa huitwa kamera, na za mwisho, zilizokataliwa na kila mtu, ni fagia. Muuzaji atakuita kastoma, atakuonyesha koti refu la kung'aa lenye manyoya ya kola. Wewe uliza kwanza nguo za ndani. Baridi haishindwi na koti moja bali na tabaka: fulana ndefu ya sufu au ya kitambaa cha michezo iliyoshika mwili, sweta ya sufu au ya manyoya ya plastiki juu yake, kisha koti lisilopitisha upepo. Pamba iache kabisa, kwa sababu ikishika jasho hubaki na maji na kukupoza. Viatu viwe vikubwa kidogo ili viingie na soksi mbili nene. Vikibana, damu haifiki vidoleni.

Hata hivyo usinunue duka zima. Kampuni nyingi za kuwapeleka watu kutafuta mianga huko kaskazini huwapa wageni ovaroli nene na mabuti kama sehemu ya malipo ya usiku huo. Cha kununua ukifika ni vile vyuma vya kuvisha chini ya viatu ili usiteleze kwenye barafu ya barabarani, maana mgeni wa Nairobi huanguka mara nyingi zaidi mjini kuliko porini. Ukitaka kujipima kabla ya kwenda, Mlima Kenya upo. Saa kumi alfajiri chini ya Point Lenana, kilele cha mita 4,985, baridi hugandisha maji ya chupa, na sweta isiyofaa hujitambulisha yenyewe.

Tusidharau uwezo wetu wa kuistahimili baridi, kwani tuna ushahidi. Mwaka 1996 Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za mita 800 ambaye hakuwahi kukanyaga theluji, alikwenda Finland kujifunza kuteleza kwa skii. Miaka miwili baadaye alishiriki Olimpiki ya Nagano, akamaliza kilomita 10 akiwa wa 92, wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki kwenye mstari wa kumalizia akimngojea, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi kwenye Olimpiki ya 2002 na ya 2006.

Usiku wenyewe una masharti machache. Saa bora ni kati ya saa tatu na saa saba usiku. Wengi hupakua programu ya simu inayoonyesha kipimo cha Kp, kutoka 0 hadi 9, na wakiona 2 wanakata tamaa. Ukiwa Tromsø au Abisko, 2 yatosha. Kipimo cha kukukosesha usingizi ni cha mawingu, na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Norway unapatikana bure mtandaoni. Nunua tripodi Luthuli Avenue kabla ya kuondoka, na betri ya akiba uiweke ndani ya nguo, kwa sababu baridi huzimaliza betri haraka. Acha simu ikusanye mwanga kwa sekunde kadhaa bila kutikisika. Na ujiandae kwa jambo ambalo picha hazisemi: mianga hafifu huonekana kwa jicho kama wingu la kijivu linalosogea. Kijani kile cha kwenye skrini mara nyingi ni cha kamera. Ikiwa na nguvu, rangi huja zenyewe, na hapo huhitaji kuelezwa.

Anga haitoi risiti. Novemba 3, 2013, watu walisafiri hadi kando ya Ziwa Turkana kuona jua likipatwa, tukio lililojulikana saa na dakika yake miaka mingi kabla, na dhoruba ya mchanga ikawaziba wengi macho dakika zenyewe zilipofika. Ikiwa tukio lenye miadi linaweza kukosekana hivyo, lisilo na miadi je? Ndiyo maana usiku mmoja hautoshi, wala miwili. Weka minne, na mitano ikiwezekana, hata kama itakubidi ukae nyumba ya bei ya chini na kujipikia, jambo ambalo kwa bei za migahawa ya Norway ni la busara hata kwa tajiri.

Madereva wa Tromsø wakiona mawingu yameifunika pwani huwapakia wageni na kuendesha saa mbili au tatu kuelekea bara, wakati mwingine hadi ng'ambo ya mpaka wa Finland, ambako anga huwa wazi na baridi hushuka kupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Viza yako inaruhusu. Pasipoti usiiache hotelini.